Yale Ambayo Elida Hakuyasoma Kanisani

Elida alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya misheni siku ambayo hakuwepo kanisani. Alikuwa Ujiji, kwenye msiba wa mama mkwe wa Mwanvua, rafiki yake ambaye wanashona naye kwenye baraza moja hapa Rusimbi, mjini Kigoma. Aliporudi jioni akakuta tumeshampa cheo. Ndivyo tunavyofanya kanisani kwetu, kazi isiyo na mwenyewe anapewa asiyekuwepo kuikataa. Hakulalamika. Aliuliza tu kazi yenyewe ni ipi, na Mchungaji Onesmo akamwambia, "Ni ndogo, mama. Utakuwa unawapigia simu wamisionari wetu, kisha unatuletea habari zao."

Watu wengi humwita Mama Stephania, kwa jina la binti yake aliyeolewa Mpanda. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, anashona sare za shule, na akiongea na wewe haachi kazi. Mguu unaendelea kukanyaga cherehani, macho yakiwa kwenye pindo. Mimi namjua kwa sababu naimba besi kwaya kuu, na sare zetu za kwaya ameshona yeye. Mengi ya haya amenieleza mwenyewe. Machache niliyaona kwa macho yangu, na moja nililifanya kwa mkono wangu.

Kanisa letu lilianzishwa na watu waliotumwa kutoka mbali. Wazee wetu walizoea kupokea: mgeni anakuja, anajenga, anafundisha, anazeeka, anaondoka. Kwa hiyo mwaka ule tuliposema sasa na sisi tunatuma wa kwetu, kila mtu alijiona amekua. Tuliowatuma walikuwa Gasper, mwinjilisti kijana, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuhubiri, na mke wake Winfrida. Walikwenda Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako barabara haifiki na unakwenda kwa boti tu. Kule kulikuwa na waumini wachache waliokuwa wakisali nyumbani kwa mtu, wakaomba mwalimu.

Winfrida alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwao ni Kasulu, kwenye milima na migomba, na ziwa alikuwa ameliona mara moja tu kabla ya kuolewa. Wiki tatu kabla ya safari alikuja kila siku barazani kwa Elida kujifunza kushona, ili kule awe na kazi ya mikono ya kumkutanisha na wanawake wenzake. Hakuwa mwepesi. Suruali ya kwanza aliyoshona ilikuwa na mguu mmoja mrefu, na Mwanvua akaiinua juu akasema hiyo ni ya mtu wa Kasulu, anayeishi kwenye mteremko. Winfrida alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Elida anasema ndipo alipompenda.

Siku ya kuwatuma, mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, kanisa lilijaa hadi nje. Wale wawili walipiga magoti mbele, na Mchungaji Onesmo akatuita wote tuje tuwawekee mikono. Tulikwenda kwa mstari, wazee, akina mama, wanakwaya, vijana. Aliyeshindwa kufika kichwani alishika bega, aliyeshindwa bega alimshika aliyeshika bega. "Hamwendi wawili," mchungaji aliwaambia. "Kanisa zima linakwenda nanyi." Tukapiga makofi. Baada ya ibada tuliwasindikiza kwa nyimbo hadi mwaloni Kibirizi, zinakoondokea boti. Winfrida alipanda boti akiwa amefumba macho, cherehani aliyopewa na umoja wa wanawake ikiwa imefungwa turubai miguuni pake.

Elida alikuwa anawapigia kila Jumamosi saa tisa mchana. Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo saa hiyo walikuwa wanapanda hadi kwenye mawe yaliyo juu ya nyumba yao na kusubiri. Gasper aliongea kwanza, habari za kazi. Kisha Winfrida alichukua simu, na wale wawili waliongea mpaka salio liishe. Elida aliandika kila kitu kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alisimama kanisani akasoma.

Mara ya kwanza alisoma dakika kumi na watu wakataka aendelee. Alisoma kwamba Gasper amepewa nafasi ya kusalia chini ya paa la kukaushia dagaa. Alisoma kwamba jirani yao mmoja, Mama Asia, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Kongo, anamfundisha Winfrida kuogelea kwa kumfunga kamba ya kitenge kiunoni. Kanisa lilicheka kwa furaha. Mara ya pili aliambiwa ratiba ni ndefu, asome dakika tano. Mwezi wa nne zilikuwa mbili, na zilikuja baada ya matangazo, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi.

Mchungaji Onesmo si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ana mitaa minne ya kuhudumia na pikipiki moja. Alimwita Elida ofisini akamwambia, "Mama, watu wanapenda kusikia ushindi. Wangapi wameokoka, wangapi wamebatizwa. Mambo ya kwamba mwinjilisti aliumwa tumbo, hayo tuombee sisi kwenye kamati."

"Sawa, Mchungaji," Elida alisema.

Akaanza kuchagua. Aliandika yote kwenye daftari kama zamani, lakini kabla ya Jumapili alipitia na kuwekea kistari yale ambayo hatayasoma. Mwanzoni vistari vilikuwa vichache. Baadaye ukurasa mzima ulikuwa na vistari, ikabaki mistari miwili ya kusoma.

Hayo aliyoyaacha ndiyo yalikuwa maisha ya Winfrida. Kwamba halali vizuri kwa sababu ya sauti ya mawimbi. Kwamba anampenda Gasper lakini Gasper akirudi nyumbani anakuwa ameshaongea kote, hana tena maneno. Kwamba anaposikia Kiha cha pale anasikia nyumbani, kisha anakumbuka kwamba si nyumbani. Mwezi wa tatu kwamba ana mimba, na anaogopa. Na kila Jumamosi, mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua, aliuliza, "Mama, kuna mtu atakuja kututembelea?"

"Kamati inapanga," Elida alijibu.

Na kweli kamati ilikuwa inapanga. Elida alilitoa jambo hilo kila kikao. Wajumbe walikubali wote kwamba ni muhimu kuwatembelea. Lakini haiwezekani kwenda mtu mmoja mmoja kama mtu anayekwenda kununua dagaa, walisema. Inabidi kanisa lionekane. Aende mchungaji, mwenyekiti, umoja wa wanawake, na kwaya iende iimbe. Kwaya ikasema haiwezi kwenda bila fulana za safari. Ikaja Pasaka. Ikaja semina ya vijana. Ukaja mkutano wa jimbo. Tarehe iliwekwa mara nne, ikafutwa mara nne.

Mwanvua alimwuliza siku moja wakiwa wanakata vitambaa, "Kwani wewe boti huijui inapokaa?"

"Nasubiri kamati."

"Yule binti ni wa kamati au ni wako?"

Elida akaendelea kukata. Ameniambia kwamba swali hilo lilimkaa kifuani, lakini aliona kwamba akienda peke yake atakuwa amewaaibisha wazee, kana kwamba anasema hawajali. Akaendelea kusubiri.

Mwezi wa tano serikali ikafunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mwamgongo bila uvuvi ni kijiji kingine. Wavuvi wengi walikuwa wametoka sehemu nyingine, wakafunga vitu vyao na kuondoka, na waliobaki waliingia mashambani juu mlimani. Waumini wa Gasper walikuwa wamefika thelathini na wawili, wakabaki saba. Paa la dagaa likabaki tupu, bila dagaa na bila watu. Gasper aliendelea kuhubiri kila Jumapili. Kwenye simu sauti yake ilianza kuwa ndogo.

Mwezi wa sita Elida alisimama kanisani na mistari yake miwili. "Bwana asifiwe. Wamisionari wetu wa Mwamgongo wanaendelea vizuri, wanawasalimu sana. Kazi ya Mungu inasonga mbele." Tukaitikia amina. Mimi niliirekodi taarifa hiyo kwa simu, pamoja na ile amina kubwa, nikamtumia Gasper. Nilidhani namtia moyo.

Ilikuwa Jumanne ya mwanzoni mwa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, simu ya Elida ilipoita. Haikuwa siku yao. Gasper alikuwa anahema kwa sababu alikuwa amekimbia kupanda yale mawe. Alisema Winfrida ameanza uchungu tangu alfajiri, na mimba ni ya miezi saba na kidogo. Muuguzi wa kijiji yupo naye, amefanya analoweza, anasema apelekwe Kigoma. Lakini upepo wa kusini umeamka tangu jana, na hakuna boti inayotoka.

"Hakuna hata moja?" Elida aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimewapigia magoti. Wanasema tutakufa wote njiani."

Elida alimpigia mchungaji. Mchungaji alikuwa kwenye kikao nje ya mji; alitoka nje, akasikiliza, akaomba naye kwenye simu. Akasema atawapigia watu. Aliwapigia kweli, na kila aliyempigia alisema ataomba. Kisha Elida aliacha sare mezani, akapanda bodaboda hadi Kibirizi. Mwanvua alimfuata na ya pili.

Boti zote zilikuwa zimevutwa juu mchangani. Mawimbi yalikuwa yanakuja yameinama, meupe vichwani, na kila moja lilikuwa linafika mbali kuliko pale ulipodhani litaishia. Elida alimtafuta nahodha wa boti ya abiria ya Mwamgongo, akamkuta amekaa kwenye kivuli cha boti yake mwenyewe, akitengeneza kamba.

"Shikamoo mama," nahodha alisema, akasimama.

"Marahaba. Baba, kuna binti yangu Mwamgongo anajifungua vibaya."

Nahodha alimtazama, kisha akalitazama ziwa, kisha akamtazama tena. "Mama, mke wangu yuko kule kule. Ningeweza kwenda ningeshakwenda."

Elida alikaa mchangani. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mwanvua alikaa kando yake, akaishika simu juu ili mtandao usipotee, na kila baada ya dakika kadhaa ilikuwa inaita, Gasper anasema jambo moja, inakatika. Saa sita alisema Winfrida anatokwa damu. Saa saba alisema Mama Asia na wanawake wengine wamekuja, wamemtoa yeye nje. Saa nane hakusema kitu, ulisikika upepo tu. Saa tisa na nusu alisema mtoto amezaliwa, wa kiume, hakulia.

Elida alisubiri aendelee.

"Hakulia kabisa, mama," Gasper alisema.

"Na Winfrida?"

"Yupo. Anapumua."

Simu ikakatika. Mwanvua, ambaye ni Mwislamu, akasoma dua ya dini yake kwa sauti ya chini, akamshika Elida mkono, na wakakaa vile wakilitazama ziwa ambalo lilikuwa halijabadilika hata kidogo.

Mtoto alizikwa kesho yake kule kule, juu kidogo ya kijiji. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo. Upepo ulivuma siku mbili zaidi. Kwenye grupu la kanisa la WhatsApp mchungaji alitoa taarifa, na tukajibu watu arobaini na watatu. Wengi tuliweka ile mikono miwili iliyokutana. Kamati ikakaa haraka ikaamua kwamba sasa ziara ifanyike bila kukosa, baada ya wiki moja na nusu, ili watu wajiandae.

Siku ya tatu upepo ulipotulia Elida aliondoka peke yake. Hakumuaga mtu wa kamati. Sare za watoto zilizokuwa hazijaisha alimwachia Mwanvua, ambaye alimpa kanga mbili mpya za kumpelekea Winfrida na kumwambia asizikunje kwenye mfuko wa dagaa. Boti ilichukua karibu saa nne. Elida alikuwa hajawahi kupita Gombe maishani mwake, na anasema alishangaa jinsi palivyo karibu. Miezi saba alikuwa anapaona kama ng'ambo.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na sebule. Nje walikuwa wamekaa wanawake wanne, mmoja anachambua mchele, mwingine ana chungu cha uji motoni. Mama Asia, mwanamke mrefu wa makamo, alisimama akampokea mzigo. "Mwidiwe, mama," alimsalimu kwa Kiha. "Wewe ndiye wa Jumamosi?"

"Ndiye mimi."

"Yuko ndani. Anakula kidogo sana. Tunakuja kwa zamu."

Elida aliingia. Winfrida alikuwa amelala kwenye mkeka ameelekea ukuta, na hakugeuka. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa turubai lile lile. Elida aliweka kanga chini, akakaa nyuma yake, akaweka mkono mgongoni pake. Winfrida hakuuondoa mkono. Wakakaa hivyo mpaka jua lilipohama mlangoni.

Siku nne za kwanza zilikuwa namna hiyo. Elida alipika, akafua, akachota maji, akamwosha Winfrida kwa maji ya moto kama mzazi anavyooshwa, ingawa hapakuwa na mtoto. Maziwa yalimjaa Winfrida, na Mama Asia alimfunga kifua kwa kitenge akimwambia, "Ihangane, mwanangu," vumilia. Gasper alikuwa anakaa nje na Biblia imefungwa magotini. Wanaume wa kijiji walikuja kukaa naye, wengi wao hawakuwa wa kanisa lake wala wa kanisa lolote. Mmoja alimletea samaki, migebuka mitatu, ingawa ziwa lilikuwa bado limefungwa na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Siku ya tano, asubuhi, Winfrida alikubali kukaa. Elida alikuwa anamsuka nywele. Ndipo alipoongea, akiwa amempa mgongo.

"Mama, ulisema tunaendelea vizuri."

Elida alisimamisha vidole.

"Mwezi wa sita. Gasper alitumiwa kwenye simu. Nilisikia sauti yako. Jumamosi ya kabla yake nilikuwa nimekuambia kwamba nataka kurudi nyumbani, kwamba nikibaki hapa nitaharibikiwa. Nilikuambia kwa maneno hayo hayo. Halafu nikasikia unasema tunaendelea vizuri, na watu wote wanasema amina."

"Nilisema," Elida alijibu.

"Kwa nini?"

Elida alikuwa na majibu. Ratiba, mchungaji, dakika mbili, watu kupenda ushindi. Anasema aliyapanga yote kichwani, akaona hakuna hata moja linaloweza kutoka mdomoni mbele ya mgongo ule. "Sijui, mwanangu," alisema. "Niliogopa watawaona ninyi mmeshindwa."

"Tulikuwa tumeshindwa."

"Ndiyo."

"Siku ile walipotuwekea mikono, nilihisi uzito wa kila mtu. Niliona kwamba hawa wote wameniinamia mimi, siwezi kuanguka, hata nikiteleza watanishika. Nilikuwa mjinga." Akainamisha kichwa tena. "Endelea kusuka."

Elida akaendelea kusuka. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye nywele za Winfrida, naye alikuwa anayapangusa kwa kidole gumba kabla hayajafika kwenye ngozi.

Siku ya tisa tukafika sisi. Tulikuwa kumi na wanane, fulana za bluu, maneno mgongoni. Tulianza kuimba tukiwa bado kwenye boti, kama tulivyofanya mazoezi, na watoto wa kijiji wakaja mbio mwaloni kutuangalia. Gasper alikuja kutupokea. Alikuwa amepungua, na alitushika mikono mmoja mmoja akisema asante kwa kuja, asante kwa kuja. Tuliimba hadi mlangoni pao. Pale mlangoni Elida alikuwa amesimama, na alikuwa hajavaa bluu.

"Amelala," alituambia.

Wimbo ulikuwa na beti mbili zaidi. Tuliukata katikati. Mchungaji Onesmo alivua viatu akaingia, akakaa kizingitini, si ndani wala nje. Sisi tulikaa uani. Tulisubiri aanze maneno, kwa sababu maneno ni kazi yake, na muda ukapita, na hakuanza. Mwishowe aliomba, sentensi tatu hivi, na ya tatu haikuisha vizuri. Mwenyekiti wetu akakohoa akasema tumeleta unga na mafuta. Mama Asia akaonyesha pa kuweka.

Tulilala kwenye madarasa ya shule, na asubuhi boti ikaturudisha. Nadhani kila mmoja wetu njiani alikuwa anatafuta jambo alilolifanya vizuri.

Elida hakurudi nasi siku hiyo. Alibaki hadi kikao cha watu watatu, yeye na Gasper na Winfrida, kilipofikia uamuzi. Gasper alitaka kubaki. Alisema wale saba wanamtegemea, na wavuvi watarudi ziwa likifunguliwa, na kaburi la mwanawe liko pale. Winfrida alisema anataka kwao. Hawakugombana, na Elida anasema ingekuwa rahisi kama wangegombana. Aliwasikiliza wote wawili na kila mmoja alikuwa na haki. Wakakubaliana kwamba Winfrida aende Kasulu kwa mama yake, na Gasper abaki mpaka mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo Elida alimrudisha. Winfrida alipanda boti macho wazi safari hii, akakaa mbele kabisa, na hakutazama nyuma. Kigoma walilala kwa Elida. Asubuhi akampandisha basi la Kasulu.

Gasper alikabidhi kazi mwezi wa kumi na mbili. Wale waumini waliungana na kanisa jingine dogo lililokuwepo kijijini. Kwetu ilitangazwa kwamba wamisionari wetu wamemaliza muda wao wa utumishi, tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Hapakuwa na ibada ya kuwapokea. Mtu mmoja alipendekeza, lakini ilikuwa karibu na Krismasi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza Elida alimwomba mchungaji nafasi ya kusoma taarifa ya mwisho. Mchungaji akaitazama ratiba. "Dakika ngapi, mama?"

"Sijui."

"Soma," alisema.

Akasimama na daftari lile la kijani na kusoma yale yenye vistari. Alisoma kwa mpangilio wa tarehe, bila kupandisha sauti, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Alisoma kuhusu kulala na mawimbi. Alisoma kila Jumamosi ambayo Winfrida aliuliza kama kuna mtu atakuja, na jibu alilompa. Alisoma mwezi wa sita, kisha akasoma alichotuambia sisi mwezi huo wa sita. Hakumtaja mchungaji, wala kamati, wala kwaya. Alipofika kwenye Jumanne ile alisema tu saa na maneno ya Gasper, moja moja. Alipomaliza alifunga daftari akarudi kukaa. Hakuna aliyesema amina, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Mtoto mmoja alilia nyuma, akatolewa nje. Kisha mzee wa zamu akasimama, akasema tumshukuru mama katibu kwa taarifa yake, na tuingie kwenye matangazo.

Mwanvua alimwuliza kesho yake barazani, "Walisemaje?"

"Walisema asante," Elida alijibu.

Mwezi wa pili alikwenda Kasulu. Gasper alikuwa amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na walikuwa wamepanga chumba karibu na kwa mama yake Winfrida. Jumapili Gasper anakwenda kusali. Winfrida habanduki nyumbani. Walimpokea Elida vizuri sana, wakampa kitanda chao. Mvua ilikuwa inanyesha kila mchana. Winfrida alikuwa anapanda maharage nyuma ya nyumba, na Elida alifunga kanga kiunoni akapanda naye, mistari miwili, mitatu, mpaka mvua ikawafukuza ndani. Waliongea habari za mbolea, za bei ya vitambaa, za ndugu. Ziwa halikutajwa. Elida alikuwa amekwenda na maneno ya kuomba msamaha, ya kwake na ya kwetu, lakini kila alipotaka kuyatoa Winfrida alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Akayaacha.

Siku ya pili jioni, mama yake Winfrida akiwa ametoka, wale wawili walikuwa wamekaa sebuleni kwake wakichambua mbegu. Winfrida alisema, bila kuinua macho, kwamba yule mtoto alikuwa na jina. Gasper analijua, Mama Asia analijua, basi. Akalitaja.

Elida alisema, "Asante." Wakaendelea kuchambua mbegu.

Nilimwuliza ni jina gani, siku aliyonieleza haya, nikiwa nimekuja kuchukua suruali. Alikuwa anamalizia pindo. Aliuma uzi, akaikunja suruali, akanikabidhi, akasema hilo hakuambiwa atuletee.